Ndege wa Miguu Minne

Kitabu nilichokichorea picha kilifika wiki iliyopita, bado kinanukia wino. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa shamba la mpunga. Ndege wangu amebaki na miguu miwili. Mhariri alikuwa amenipigia simu mapema, akasema kwa upole, "Mama, watoto watadhani ndege ndivyo walivyo." Sikubishana naye. Ningemweleza nini kwenye simu? Acha nikueleze wewe.

Miaka ile ya hamsini nyumba yetu ilikuwa Mlabani, lakini mpunga ulipoanza kutoa masuke tulihamia shambani, ng'ambo ya mto: bibi, mama, mimi na mdogo wangu wa kike. Tulilala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, na tangu alfajiri tuliamia ndege. Tulipiga debe, tukarusha madonge ya udongo kwa kombeo, tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mchana bibi alituchomea samaki, perege wa mtoni. Nguo zetu zilinuka moshi na matope msimu mzima.

Mwaka mmoja, kabla hatujahama, mdogo wangu aliokota mkaa jikoni akachora ndege ukutani, karibu na mlango. Akampa miguu minne.

"Ndege huyo au mbuzi?" nikamcheka.

"Miwili ya akiba, dada. Akichoka kufukuzwafukuzwa na wewe, atatua na hii mingine."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Homa ilimkamata mdogo wangu shambani. Asubuhi ya pili hakuweza hata kukaa. Mama akamfunga mgongoni kwa kanga, wakashuka kwenye mtumbwi wa jirani kwenda hospitali. Nilitaka kuwafuata. Bibi akanishika bega. "Baki uamie, mjukuu wangu. Akirudi atakula nini?"

Nikaamia. Sijawahi kupiga debe kwa nguvu vile. Nilijua kila ndege atakayetua anakula chakula cha mdogo wangu, na nakwambia kweli, hawakutua.

Mama alirudi peke yake, kanga ameikunja mkononi.

Matanga yalipoisha, wanawake wa ukoo walikuja kuikandika nyumba upya, kama ilivyokuwa kwetu, ili msiba usibaki kwenye kuta. Bibi alishika upande wa mlango. Alipomfikia yule ndege mkono ulisita, kisha akapaka. Kilipotea kichwa, yakapotea mabawa, mwisho miguu. Hakunitazama. Mimi niliendelea kupapasa pale hata udongo ulipokwisha kukauka.

Nyumba nayo ilikuja kuchukuliwa na mafuriko. Siku hizi pale pana duka la mabati. Picha ya kamera hatukuwahi kumpiga mdogo wangu, na uso wake nimeusahau, sitakudanganya. Kilichobaki ni ndege. Ndiyo maana katika kila kitabu nilichowachorea watoto nimemweka mahali, pembeni, nyuma ya kichaka, miguu yake minne imekamilika. Miaka yote hiyo hakuna aliyeipunguza, mpaka safari hii.

Jana nilichukua penseli nikamrudishia ile miwili kwenye nakala yangu. Nikaitazama. Imenyooka, imekaa vizuri, kazi ya mtu aliyezoea. Ya mdogo wangu ilipinda, mmoja mfupi, mmoja umetokea karibu na shingo. Nilifuta nikajaribu tena, nikafuta tena. Karatasi imechakaa pale. Mkono wangu umejifunza mno, hauwezi tena kuchora kama wake.