Kitenge Nyuma ya Uzio

Mdogo wangu alituma ujumbe kutoka Amerika: Jumapili angekwenda kutazama mashindano ya magari. Mwenzake wa kiwanda cha kuku alikuwa amempa tiketi, na televisheni ingeonyesha. "Yaya," aliandika, ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "mwambie mama anitafute. Nitakaa chini kabisa, nyuma ya uzio. Nitapeperusha kile kitenge."

Kitenge chenyewe kilikuwa cha manjano, chenye ndege weusi. Siku mdogo wangu alipoondoka Durban, mama alikikata katikati kwa mkasi wangu wa saluni, nusu akaitia kwenye sanduku lake, nusu akabaki nayo. Niligomba sana siku ile, maana mkasi wa nywele ukishakata nguo ndiyo basi tena. Mama hata hakugeuka kunitazama.

Kwetu hatukuwa na dekoda, kwa hiyo nilimpeleka mama saluni ninakofanya kazi, pale mtaa wa Albert Park. Patroni wangu, mwenye saluni, mama wa Kirundi mwenye moyo mweupe na mdomo usiochoka, alitufungulia mlango ingawa ilikuwa siku ya kupumzika, akaleta Fanta na mandazi kana kwamba tumealikwa harusini. Mama alikuja moja kwa moja kutoka ibada ya jioni kanisani, amejifunga ile nusu yake.

Uwanja ulikuwa mkubwa ajabu. Kwenye kona barabara ilikuwa imelala ubavu, nami nikashangaa magari hayadondoki. Yalikwenda yamebanana, bampa kwa bampa, yamebandikwa matangazo ya sabuni na betri.

"Banaenda wapi?" mama aliuliza kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu.

"Hawaendi popote, mama. Wanazunguka tu."

"Sasa haraka ya nini?"

Patroni alicheka mpaka Fanta ikamtokea puani. Mama hakuona cha kuchekesha. Kila kamera ilipopita kwa watazamaji alisogeza kiti mbele, na kila fulana ya manjano ilikuwa mtoto wake. Nilimwambia atatuvunjia kioo cha televisheni ya watu.

Halafu tukakiona kweli. Kilikuwa kinapepea nyuma ya uzio, chini ya bango kubwa la biskuti, na ndege wetu weusi walionekana vizuri kabisa. Mama aliruka, akafungua kitenge chake kiunoni, akaanza kukipunga mbele ya televisheni. "Mutoto yangu! Niko hapa!" Nilicheka huku machozi yakinitoka, na patroni akapiga vigelegele.

Karibu na mwisho wa mashindano gari moja liligusa lingine kwa nyuma. Kugusa tu. Lile la mbele likageuka, likainuka, likapaa hewani na kuugonga uzio. Nililiona bango la biskuti likichanika. Gurudumu lilipita juu ya uzio likaingia kwenye watu, kisha moshi ukafunika kila kitu.

Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena.

Kwenye televisheni gari likapaa tena. Yalikuwa marudio, lakini mama hakujua mambo ya marudio. "Ingine!" alisema. Wakalirusha mara ya tatu, sasa polepole, gurudumu likielea juu ya vichwa vya watu. "Mbona banamuua tena? Mubaambie baache!" Nilitafuta rimoti nizime, ikaniponyoka, ikaangukia nyuma ya mashine ya kukaushia nywele. Patroni alikuwa anasali kwa Kirundi, macho ameyafumba.

Kisha kamera ikaonyesha watazamaji wa safu za juu. Walikuwa wamesimama wote, mikono hewani, wanapiga makofi na miluzi.

"Banafurahia nini, bale batu?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

Nilijua mawazo yake yamekwenda wapi. Mwaka 2008, watu walipokuwa wakiwafukuza wageni kama sisi mtaani, walichoma kibanda cha mdogo wangu cha kutengeneza simu, naye akiwa ndani. Alitokea kwenye kidirisha cha nyuma, mkono umeungua. Ndiyo sababu baadaye alipewa nafasi ya kwenda Amerika. Mkono ulipona. Kilichomnyima usingizi, alituambia mara nyingi, si moto. Ni kwamba paa lilipoanguka, aliwasikia watu nje wakipiga makofi.

Simu ikaita. Ni yeye.

"Yaya! Muliona? Muliona vile gari iliruka?" Sauti ilikuwa imekauka kwa kelele, na ilikuwa na furaha. "Tulikuwa tumehama, tulipanda juu kidogo. Iko batu baliumia kule chini, banabebwa. Lakini ile gari, yaya! Eish!"

Nilimtukana. Nililia, kisha nikamtukana upya, nikaweka simu kwa sauti kubwa, nikampa mama.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Mikono yote iko?"

"Iko, mama."

Mama alimshukuru Mungu, akalia, akajifuta uso kwa kitenge. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono nichukue simu.

"Gari ilipoangukia batu," mama akauliza, "na wewe ulipiga makofi?"

Nyuma ya mdogo wangu tulisikia injini zikinguruma. Walikuwa wanaanza tena kuzunguka.

"Mama," alisema, "kila mutu alipiga."

Mama aliitazama simu, kisha akanirudishia.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.