Baba wa marehemu anataka gari liingie getini Jumamosi, mama ameniomba lisiwake

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana pale gereji wote wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na minne. Mke wangu na watoto wapo Kasulu. Shule niliishia la sita, mnivumilie nikikosea. Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari hapa Misugusugu, Kibaha, na ninalala humo humo gereji, kwenye chumba cha vipuri. Bosi ni mtu wa kwetu, ndiye aliyenileta huku. Nikimkosea yeye sina kazi, sina pa kulala, na nyumbani watasema nimemtia aibu aliyenishika mkono.

Lililetwa gari limebebwa juu ya lori. Gari la kifahari, la mbio, milango miwili, limelala chini kabisa. Mbele kote limekunjika. Kijana aliyekuwa analiendesha alifariki. Ni mtoto wa kwanza wa mzee mmoja wa Kisarawe mwenye malori ya mchanga. Mzee akaja mwenyewe, akasema arobaini ya mwanawe ikifika anataka gari liingie nyumbani zima kama lilivyokuwa.

Bosi akamwambia kwa upole, "Mzee, magari yakiharibika hivi wengine huwa wanayauza vyuma chakavu."

Mzee akasema, "Mimi ndiye niliyemnunulia. Likibaki bati, kila anayepita atasema baba alimnunulia mwanawe jeneza."

Tukalipokea. Mfiwa unambishia nini?

Kazi ikawa ya kukimbizana na siku. Taa zilichelewa kufika, boneti ya kwanza haikukaa, tukaagiza nyingine. Fundi rangi akawa ananitania, "We mtu wa Kasulu, unavyolipapasa hilo gari utadhani unaposa." Namjibu, "Mahari yake ukoo wenu wote hamuiwezi." Tunacheka kidogo, bosi anatufokea. Mzee amemwahidi akiridhika malori yake yote yatakuja kwetu, kwa hiyo bosi halali.

Mchana mmoja bosi ameenda Kariakoo kufuata vipuri, akaja mama mmoja amejifunga kitenge cheusi, ameshika hotipoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye unayelitengeneza?"

"Ndiyo mama."

Akalizunguka bila kuligusa. Akasema, "Mimi ndiye niliyemzaa." Nikamvutia stuli. Akaniambia mwanawe alikuwa akichelewa kurudi, na yeye hapati usingizi mpaka asikie mngurumo wa lile gari getini. Akishausikia, anajua mtoto amefika, analala. "Sasa likinguruma tena getini, mwanangu, mimi nitainuka kwenda kumpokea. Najijua. Nitampokea nani?"

Nikamuuliza kwa nini asimwambie mzee. Akasema tangu wazike, mzee haongei wala hali vizuri, kinachomwinua kitandani ni habari za hilo gari tu. Akimkataza, anaogopa atazika wawili. "Lakini likikataa lenyewe kuwaka, si kosa la mtu. Fundi akisema limeshindikana, atakubali. Nisaidie baba, na uniapie mume wangu hatajua nilifika hapa."

Hapo ndipo nilipojifunga. Nilisema, "Nimekusikia mama, usiwe na wasiwasi." Kwetu mtu aliyefiwa hajibiwi hapana. Unamtuliza kwanza, mengine baadaye. Sikuwa nimekubali, nilikuwa namfariji tu. Lakini yeye akanishika mikono yote miwili na grisi zake, akanibariki. Akanipakulia wali na samaki, akakaa akiniangalia ninavyokula. Kile chakula nimekila, siwezi kukirudisha.

Tangu hapo amekuja mara mbili, na kila mara sikuweza kumwambia ukweli. Na mzee naye akija namwambia, "Usijali mzee, litakaa sawa." Wote wawili wanaamini mimi ni mtu wao.

Tatizo ni kwamba gari limepona. Nimepima chesisi, imenyooka. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii maishani mwangu. Nikichomoa waya mmoja ninaoujua mimi halitawaka, na hapa hakuna atakayejua. Ila bosi ataonekana si fundi, malori hayaji, na mimi narudi Kasulu mikono mitupu.

Nikafikiria njia ya katikati, nibadilishe ekzosi, lile bomba la moshi linalotoa mngurumo, niweke ya kawaida, liwake kimya kama gari la mwalimu. Mama asisikie chochote, mzee apate gari lake. Nikaifunga. Juzi mzee akaja, akasema, "Washa nisikie." Nikawasha. Akatikisa kichwa. "Siyo hili. Rudisha ya kwake." Bosi akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikarudisha palepale, mzee amesimama juu yangu. Nikawasha tena, likanguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka.

Mzee akaweka kiganja juu ya boneti. Akafumba macho, machozi yakamtoka. Akasema polepole, "Huyo. Ameshafika." Akakaa hivyo mpaka bosi akaona haya akaondoka. Kabla ya kupanda gari lake mzee akanigeukia: "Jumamosi, siku ya arobaini, utaliingiza wewe mwenyewe. Watu wote watakuwepo. Sitaki mkono mwingine kwenye usukani."

Jana mama amenipigia. Hakuuliza limefikia wapi. Alisema tu, "Nimetulia mwanangu, sina hofu tena, kwa sababu najua upo wewe."

Nikilizima, namnyang'anya baba sauti ya mwanawe. Nikiliwasha, mama atainuka mbele ya watu kwenda getini, na atakayemkuta kwenye usukani ni mimi, niliyekula wali wake. Kumwambia mzee siwezi, mama ameniapisha kwamba mumewe asijue alifika gereji. Kutoroka nako, nitamtupia bosi msiba usio wake.

Ndugu zangu, hasa nyie mliowahi kuzika mtoto, msinitukane. Nishaurini. Jumamosi nifanye nini?