Matawi Yaliyoondolewa Kabla Wanawake Hawajarudi

Nauza vipuri vya pikipiki pembeni ya soko kuu la Bunia. Nati na bolti hazifanani na kitu kingine chochote kwa urahisi wa kupotea, kwa hiyo nazihesabu mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya mteja, mara ya pili kwa sababu ya mteja.

Mdogo wangu wa kike ni motari. Hubeba watu na magunia ya maharage kati ya Bunia na Marabo, na wamotari walipotangaza mbio za pikipiki kwenye barabara hiyo alitaka kujiandikisha pamoja na wanaume. Nikakataa. Mwaka uliotangulia niliona mwanamke mmoja peke yake kati ya wanaume ishirini. Wawili walimbana hadi mtaroni, akavunjika mfupa wa bega, na jioni yake wote walisema ameteleza. Nikaenda kwa komite ya wamotari kuwaombea wanawake mbio zao.

“Muko banamuke ngapi?” aliuliza prezida wa komite.

“Saba.”

“Mama, saba haiko mbio. Ni foleni ya maji.”

“Basi patia foleni njia.”

Alikubali upesi: tungepata kombe letu, tungekimbia baada ya wanaume, hadi darajani na kurudi kama wao. Niliondoka nimefurahi. Muuzaji akikubali bei yako ya kwanza, geuza bidhaa utazame chini yake. Siku ile sikugeuza.

“Yaya, umetuuzisha,” mdogo wangu aliniambia mimi, dada yake mkubwa.

“Nimekupatia njia bila wanaume.”

“Njia bila wanaume ni njia bila mutu wa kuangalia. Nikikimbia na bo wanaume, muji muzima unasimama. Tukikimbia siye wenyewe, kila mutu anaenda kukula.”

“Na bega?”

“Bega inapona.”

Kwetu barabara hufungwa kwa matawi. Dereva yeyote akikuta majani mabichi barabarani anajua mbele kuna lori limekufa, au kuna jambo, naye anasimama bila kuuliza. Siku ya mbio watu wa komite walitandaza matawi ya mikaratusi ng'ambo ya daraja, wakaweka walinzi wawili wenye filimbi. Malori ya mbao kutoka Marabo yakapanga mstari huko, yakingoja.

Wanaume walikimbia. Mshindi akabebwa mabegani, bia zikafunguliwa, muziki ukapanda. Mawingu yalikuwa meusi tayari prezida alipowapungia kitambaa wanawake wetu, bila hata kuweka chupa chini. Saba waliondoka, mdogo wangu mbele. Nilihesabu tena migongo yao: saba. Watu waliobaki kuwatazama sikuhitaji kuwahesabu mara mbili, walitosha vidole vya mkono mmoja.

Vumbi lao halijatulia nikawaona wale walinzi wawili wanakuja kwa njia ya mashambani, wamepakiana kwenye pikipiki moja, filimbi shingoni.

“Munafanya nini hapa?”

“Mbio imeisha, mama. Mushindi si ule pale anakunywa?”

“Na matawi?”

“Tuliondosha. Malori ilikuwa inapiga honi sana.”

Hawakuwa wanatania. Kwao mbio zilikuwa zimekwisha kweli. Yaliyobaki yalikuwa wamama wanajifurahisha. Nilitafuta tusi la kuwatosha, nikakuta miguu imeshaanza kukimbia.

Nilipanda pikipiki ya kwanza niliyoiona. Motari akataja bei, mimi nikaipunguza huku tunateremka, mdomo ukifanya kazi yake bila mimi. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Tukapishana na mwanamke mmoja anarudi, kisha wawili, kisha watatu kwa mpigo, wote polepole, macho yao chini. Sita. Nikahesabu tena. Mbele, honi ya lori ililia mara moja, ndefu, ikakatika.

Mdogo wangu alikuwa amesimama upande wa huku wa daraja, kofia yake ngumu, kaske, ingali kichwani. Alikuwa wa kwanza kuyaona malori yanakuja. Aliwarudisha wenzake kwa kelele, akailaza pikipiki yake barabarani, kwa kuwa tawi la kuweka hakuwa nalo. Lori la kwanza lilikuwa limepanda juu ya pikipiki hiyo na kusimama hapo.

“Sikuona hata jani moja!” dereva alikuwa anapiga kelele. “Mungu anasikia, hata moja!”

Alikuwa anasema kweli.

Jumatatu nilirudi kwa komite. Niliomba mbio zetu zianze kwanza, na walinzi wawe wanawake. Nikashusha: walinzi wanne, wawili wetu. Nikashusha tena.

“Mama, uliona mwenyewe,” alisema prezida, kwa upole ulionitisha kuliko kelele. “Mbio ya banamuke iko na hatari. Tumeifuta.”

“Basi muniandike na wanaume,” alisema mdogo wangu mlangoni.

Wakamwandika. Nilibaki na maneno ya kupinga, lakini nilikuwa nimeshayatumia mahali pabaya.

Sasa anafanya mazoezi nao kila Jumapili baada ya misa, kwa pikipiki ya kuazima. Mimi husimama kwenye kilima. Wanaingia wote pamoja ndani ya vumbi, bega kwa bega, na kutoka juu siwezi kujua ni yupi anayembana nani.