Nilikata mikorosho yangu mizuri kwanza, ukoo mzima ukaniona nimechanganyikiwa

Wakuu, habari za humu ndani. Huwa nasoma zaidi kuliko kuandika, lakini leo nalileta hili kama lilivyotokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, mikorosho ipo, anayetaka aje aione.

Naishi Nambambo, Nachingwea. Mama wa watoto wawili, mkulima, na ulimi wangu si mpole.

Sisi ni Wamwera. Kwetu mwenye neno la mwisho kwenye mambo ya ukoo ni mjomba, kaka wa mama. Mjomba wetu yuko Nandagala, upande wa Ruangwa, na shamba analolisimamia ndilo linalotulisha wote: mimi, dada zangu, watoto wao, na kaka zangu wawili wanaojua kula kuliko kupalilia.

Shida ni kwamba mikorosho imezeeka. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukiingia, maua yanakauka hata upulize salfa vipi, na mvua za siku hizi hazieleweki. Kila msimu tunavuna pungufu.

Bwana shamba akatuambia: kateni miti, acheni visiki vichipue, halafu bebesheni vikonyo vya mbegu mpya kwenye machipukizi, yaani muunganishe vijiti vya miti bora vishikane nayo.

Nikapanda bodaboda mpaka Nandagala kumweleza mjomba. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mikorosho hii imewasomesha nyie. Ukiikata leo, mwakani watoto wa dada zako watakula nini?"

Wakuu, mzee alikuwa na hoja. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu yangu pia. Visiki vikigoma kuchipua, ukoo mzima unalala njaa kwa sababu yangu.

Sasa, kwetu mtu akitaka kujaribu kitu kipya anajaribia mti mbovu. Ukifa anasema si nilijua. Mimi nikaona huo ni ujanja tu, maana mti mbovu hata ukipona watu watasema bahati.

Nikakata yangu. Ile aliyoniachia mama, inayozaa vizuri, hapa hapa nyuma ya nyumba. Nililia, sifichi.

Habari zikafika Ruangwa kabla msumeno haujapoa. Dada zangu wakaja wamejitanda khanga kama wanakuja msibani. Kaka mkubwa akazunguka visiki, akaniuliza, "Umelogwa, au kuna mwanaume wa Dar anataka uhame?"

Nikamwambia akae ale kwanza.

Hapa nisimame kidogo. Mambo yakibadilika, watu wanauliza kwa hasira kwa sababu wanaogopa. Mimi ni mkali, wanaonijua wanajua, ila mwaka ule nilijilazimisha kunyamaza. Kila aliyekuja nilimpeleka shambani, nikamwonyesha mpaka machipukizi yaliyokufa. Nadhani kilichofanya waanze kuniamini ni hayo yaliyokufa, kwamba sikuyaficha.

Kivuli kilipoondoka, katikati ya visiki nikapanda ufuta na mbaazi. Ufuta ulikubali mno, na niliringa nao kijiji kizima. Watoto wangu hawakulala njaa, na wa dada zangu niliwagawia.

Machipukizi niliyobebesha mengi yakashika. Baada ya misimu miwili yakatoa maua, halafu korosho, nene na safi.

Siku moja mjomba akatokea, sikumwita. Akashuka kwenye bodaboda, akapita mti kwa mti anashika matawi. Akanywa maji, akaondoka. Nilikasirika jamani. Nikasema huyu mzee hata hongera hana.

Wiki haikuisha tukaitwa kikao cha ukoo Nandagala. Kaka mkubwa ndiye aliyeanza: "Mjomba, msimu huu shamba tunalifanyaje?"

Mzee akajikohoza. "Msiniulize mimi tena. Muulizeni dada yenu. Kuanzia leo shamba analiongoza yeye, na akitaka kukata, aanze na upande wangu."

Katika ukoo wetu sijawahi kusikia mwanamke amepewa neno hilo. Kaka yangu, yule wa umelogwa, akanigeukia taratibu.

"Haya dada, tunaanza lini?"

Niliomba nitoke nje kidogo. Nikajifuta machozi na khanga, nikarudi, nikawapangia kazi.

Semina za uongozi sijawahi kuhudhuria. Ninachojua ni kwamba ukitaka watu wakufuate kwenye jambo jipya, hasara ya kwanza iwe yako, na usiwafiche linaloharibika. Najivunia, tena sana, na sioni kwa nini nijifanye mnyenyekevu.

Nyie mnaosimamia familia huko mliko, mlipotaka kubadilisha kitu mlianza na cha nani? Semeni hapa chini. Hata wa kunipinga karibuni, nitawasoma wote nikitoka kupalilia.