Siku Tano za Dewitt Mikononi mwa Kocha Cleotis

Raymond Stokes alivunjika mguu Jumamosi ya pili ya msimu, na mimi ndiye niliyekuwa namlinda. Nilisikia mfupa kabla sijageuka. Ulilia kama muwa mkavu unaokanyagwa. Nilipomwangalia, unyayo wake ulikuwa umeelekea kisigino kinapopaswa kuwa.

Ilikuwa mwaka 1987, nami nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo chetu kidogo cha Marlow Bend, Mississippi. Katika timu yetu ya futiboli ya Kimarekani nilicheza katikati ya mstari: nainama juu ya mpira, nampitishia kwotabeki, yaani mrushaji, kati ya miguu yangu, kisha nakaa mbele yake kama ukuta wakati anatafuta wa kumrushia. Raymond ndiye aliyekuwa kwotabeki. Ukuta ulikuwa umebomoka, na aliyebaki wa kushika nafasi ya Raymond alikuwa mmoja tu.

Huyo aliitwa Dewitt Larkin. Miaka kumi na minane, mwembamba, ametoka kijiji cha mashamba ya pamba ambako shule nzima haikujaza mabasi mawili. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Alirusha mpira yadi sitini, ukaenda umenyooka kama uzi. Ila mtu akimjia, Dewitt alifumba macho. Kidogo tu, kama mtu aliyepuliziwa vumbi. Katika mchezo wetu kidogo hicho kinatosha watu watatu kukufikia.

Jumapili kocha mkuu, Hollis Gaines, alimwita Cleotis Marsh mbele yetu sote.

"Una siku tano," alimwambia. "Nitolee mwanaume katika huyu Dewitt."

Cleotis alikuwa na miaka hamsini na saba. Asubuhi aliendesha basi la watoto wa shule, alasiri akaja kuwafundisha makwotabeki. Taya lake lilikuwa limepinda, na alitafuna kwa upande wa kulia peke yake. Mkewe, Odessa, ndiye aliyetuambia sababu. Mwaka 1951, Cleotis naye akiwa kwotabeki, aligongwa akiwa amesimama wima. Akalala hospitali siku nne, na alipoamka hakumjua mama yake.

Jumatatu alimsimamisha Dewitt kwenye shimo la mchanga nyuma ya uwanja. Akatupa sisi sita magunia yaliyoshindiliwa taka za pamba, kila moja zito kama mtoto wa miaka mitano.

"Mpigeni," akasema. "Wewe Dewitt, niangalie mimi. Nitaonyesha vidole, uniambie vingapi."

Tukampiga. Gunia la kwanza lilimpata mbavuni, la pili kichwani.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Vilikuwa viwili. Rudieni."

Tulirudia mpaka jua likazama. Jumanne tulirudia tena. Jumatano gunia langu lilimpata usoni, pua ikavunjika, damu ikamwagika hadi kwenye viatu. Niliacha kupiga.

"Nani kakwambia uache, Lonnie?" Cleotis akaniuliza.

"Kocha, pua imekwenda."

"Huyo wa Jumamosi ataona pua imevunjika aende zake? Vingapi, dogo?"

"Vinne," Dewitt akasema, damu ikiingia mdomoni. Vilikuwa vinne kweli.

Alhamisi alikuja amevimba macho. Gunia la kumi au la kumi na moja lilimwangusha kifudifudi. Alipoinuka hakurudi mahali pake. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Cleotis akamchapa ngumi ya mdomo. Ilikuwa ngumi ya kweli, ya mtoto aliyekua akibeba marobota. Cleotis akakaa chini mchangani. Akatema, na katika mate kulikuwa na jino.

Hakuna aliyesogea. Kumpiga kocha ni kufukuzwa chuo, wote tulilijua hilo.

Cleotis akaliokota jino lake, akaliangalia, akalitia mfukoni.

"Uliponipiga, ulifumba macho?" akauliza.

"Hapana, Kocha."

"Basi unaweza. Rudi mahali pako."

Jumamosi tulikwenda ugenini. Upande wa pili kulikuwa na jamaa mmoja anaitwa Thurman Tate, kilo mia na ishirini, shingo imeanzia masikioni. Mpira wa kwanza tu alinipita kama mlango ulioachwa wazi, akambeba Dewitt akamtupa mgongo chini. Kisha akamsimamia.

"Dogo, mama yako anajua uko huku?"

"Anajua," Dewitt akasema kutoka chini. "Kasema nikusalimie."

Tate akacheka, mpira uliofuata akampiga zaidi. Nilimng'ata mkono chini ya rundo la watu, naye akaniingiza kidole jichoni. Kila mmoja wetu alitoka damu mahali fulani. Lakini Dewitt hakufumba macho hata mara moja. Alisimama, akaangalia, akarusha, akagongwa. Tulipokwenda mapumziko tulikuwa tumefunga mara mbili, naye alikuwa ameangushwa mara tisa.

Kocha Gaines alikuwa anatabasamu. "Huyu ni chuma," alisema. "Cleotis, umeniletea chuma."

Cleotis hakutabasamu. Alikuwa ameona kwa Dewitt uwanjani kitu ambacho sisi hatukukiona. Baada ya mpira kuondoka mkononi, mtoto alibaki wima palepale, mikono chini, macho wazi, akimngoja Tate amfikie. Kazi ilikuwa imekwisha na bado alisimama, kwa sababu kusimama ndicho kitu pekee alichofundishwa.

Mle chumbani mwa kubadilishia nguo, Cleotis alisogeza mabenchi pembeni.

"Tazama," akamwambia Dewitt. Na mzee yule, na shati lake la kola, akajirusha kwenye sakafu ya saruji. Alijikunja, akaangukia nyama ya bega, akaviringika. Akainuka akarudia. Kiwiko kilichubuka mpaka nyama nyeupe. "Ukishauachia mpira, hudaiwi kitu. Anguka. Haya, fanya."

"Unamfundisha woga," Kocha Gaines akasema.

"Namfundisha nilichosahau kumfundisha."

"Kaa pembeni, mzee. Umeshapigwa sana kichwani wewe."

Cleotis alimshika kola kwa mikono miwili akamgongesha kwenye makabati ya chuma, mara moja, makabati yote yakalia. Akamshikilia hapo, nyuso zao zikikaribia kugusana. Damu ya kiwiko ilimchirizikia Gaines kifuani.

"Mimi nilisimama hivyohivyo," Cleotis akasema taratibu. "Watu wakanishangilia."

Akamwachia. Gaines akanyoosha shati lake na kutoka. Dewitt alijirusha kwenye saruji mara nane kabla hatujaitwa.

Kipindi cha pili kilikuwa kingine kabisa. Dewitt alirusha akaanguka, na Tate akapita juu yake akiukumbatia upepo. Safari moja alipitiliza akamvaa mwenzake, helmeti kwa helmeti, na yule mwenzake akatolewa akitapika. Tate alianza kutukana. Nikajua tumempata.

Mpira wa mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, zimebaki sekunde sita. Nilimpitishia Dewitt mpira, nikamkabili Tate, akanipiga kiganja cha koo nikapiga magoti. Nilimwona anapita. Dewitt naye alimwona. Angeweza kuurusha mpira popote na kuanguka. Lakini Ennis, mkimbiaji wetu wa kulia, alikuwa bado hatua mbili kabla ya kuwa peke yake. Dewitt akazingoja hizo hatua mbili. Akarusha, na Tate akamwingia chini ya mkono ulionyooshwa. Bega liliruka kutoka mahali pake na mfupa wa mtulinga ukakatika. Ennis aliudaka, akaangushwa yadi moja kabla ya mstari wa kufungia. Tukashindwa.

Cleotis alifika kabla ya daktari.

"Nilikwambia uanguke," alisema.

"Ennis alikuwa karibu kuwa peke yake, Kocha."

"Nilikwambia uanguke."

"Nilikusikia," Dewitt akasema. "Nikaona nisubiri kidogo."

Cleotis alipiga magoti akamshika mkono usioumia.

Desemba Kocha Gaines alimfukuza Cleotis kwa kumvamia, na kwa kweli alikuwa amemvamia. Cleotis akabaki na basi lake. Masika, bega lilipopona, Dewitt alianza kwenda nyumbani kwake kila Jumatatu. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye ghala la nafaka pale mjini, nikawa nakwenda kuwapitishia mpira. Magunia hayakuonekana tena. Dewitt alirusha, akaanguka, akarusha, akaanguka, na Odessa akatufokea kupitia dirishani kwa sababu ya sukumawiki zake tulizozilalia. Kisha alitukaangia kambare akatuwekea mkate wa mahindi.

Siku moja nilimwomba Cleotis radhi kwa ajili ya Tate, kwamba nilimwachia akapita.

"Alikuwa na nguvu kukuzidi," akasema. "Mimi je, niliyekupa gunia?"

Msimu uliofuata Dewitt alishinda mechi nane. Cleotis alikata tiketi kama watu wengine, akakaa na mkewe safu ya juu, na hakuwahi kushuka uwanjani hata alipoitwa.