Ripoti za Kipanga wa Reseda

Leland Prokop alikuwa fundi wa miwani. Wauzaji walikaa mbele dukani, kwenye taa na vioo, wakicheka na wateja. Yeye alikaa chumba cha nyuma na mashine ya kusaga lenzi, na kelele za mashine ile zilimpa kisingizio kizuri cha kutozungumza na mtu. Nusu ya watu wa mtaa wa Reseda walisoma magazeti kwa lenzi alizosaga Leland, na hakuna aliyemjua kwa sura. Umri wake miaka thelathini na sita, gari lake linawaka, meno yake yote yapo, sura haina kasoro. Ila mwanamke akimuuliza tu ni saa ngapi, ulimi unamkauka, masikio yanaiva, anajibu kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani.

Upweke ule, jamani, usiuchukulie mzaha. California jua linawaka karibu mwaka mzima, na hilo ndilo baya lake: hata mvua ya kumpa mtu sababu ya kujifungia ndani hupati. Jumamosi majirani wanachoma nyama uani, redio juu, watoto wanarushiana maji. Leland yuko kwenye chumba alichopanga juu ya gereji ya watu, anakula supu ya kopo amesimama jikoni, maana kukaa mezani peke yake kulimuuma zaidi.

Basi mwaka tisini na saba akanunua kompyuta, akaiunganisha na waya wa simu, ikakoroma na kupiga filimbi kama zilivyokuwa zikifanya zama zile, na siku moja akaangukia jukwaa la wanaume mtandaoni. Kazi yao ilikuwa moja tu, kufundishana kutongoza. Walikuwa na lugha yao na sheria zao, ungedhani ni jeshi. Ukimwona mwanamke una sekunde tatu za kumwendea, zikipita umeshindwa. Usimsifu; mkejeli kidogo, ajione amepungukiwa. Vaa kitu cha kushangaza, kofia ya manyoya au mkufu mnene, ili apate la kukuuliza. Wanawake walipewa alama moja mpaka kumi, kama ng'ombe wa maonyesho. Mimi nasema wazi, mengi yalikuwa upuuzi mtupu, na mengine yalikuwa ufedhuli. Lakini ukichungulia nyuma ya majigambo yale, uliwakuta watu waliokaa peke yao vyumbani wakisubiri simu isiyolia.

Desturi yao kuu ilikuwa ripoti. Kila aliyetoka kwenda kutongoza alirudi akaandika: nilikuwa mahali fulani, nikasema hivi, akajibu vile, mwisho wake huu. Bila ripoti wewe si mtu, hata salamu yako haiitikiwi. Leland alisoma kimya miezi mingi. Alijaribu kutoka mara moja tu, akaenda duka la vitabu, akasimama penye rafu ya vitabu vya mapishi mpaka mlinzi akamfuata kumuuliza kama anaumwa. Akarudi nyumbani, akaketi, akaandika ripoti ya mwanamke aliyekutana naye penye rafu ya mapishi. Eti walicheka, wakanywa kahawa, akapewa namba ya simu. Chini akaweka jina alilojibandika: Kipanga.

Walimpokea huyo! Watu wa Chicago, wa Toronto, mpaka wa Sydney walimwandikia kumpongeza. Kesho yake alisaga lenzi akipiga mluzi. Na hapo ndipo alipojifunga kamba. Ikafuata ripoti nyingine, na nyingine. Kipaji cha kutunga alikuwa nacho, tena wanawake wake walipendeza kuwasoma: huyu ana mbwa mgonjwa, huyu hapatani na dada yake, huyu ana kovu kidevuni analolificha akicheka. Wenzake waliandika alama, yeye aliandika watu. Wakasema huyu ana siri. Wakaanza kumwita Mwalimu.

Mmoja wao akawa anamwandikia pembeni. Jukwaani alijiita Radi, lakini jina lake hasa ni Wendell Ostrow, muuza vigae vya bafuni huko Bakersfield. Mwanzoni alikuja na maswali ya mbinu. Baadaye yakaja mengine: mgongo unanisumbua, bosi wangu mkorofi, wewe leo umekula nini? Hilo la umekula nini ndilo lililomvunja Leland, maana hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimuuliza. Akaanza kutoka kazini mbio ili awahi kusoma barua za Wendell, na akagundua kwamba habari za wanawake hata hazimo tena akilini. Alichotaka ni mtu huyu mmoja abaki.

Kwa hiyo Wendell alipoandika, "Mwalimu, Jumamosi nakuja nikuone kwa macho yangu ukifanya kazi," Leland alishikwa na homa kabisa. Akimkatalia, atampoteza. Akimkubalia, atajulikana ni mwongo, na atampoteza vilevile. Akakubali, akampa anwani.

Wendell akafika mchana, mtu mnene mwenye haya, amevaa shati la zambarau linalometameta. Wakaenda kwenye jengo la maduka.

"Yule pale, dada anayepanga mishumaa," Wendell akanong'ona. "Haya Mwalimu, nionyeshe."

Sekunde tatu zikapita, na nyingine tatu, na nyingine. Leland amesimama kama nguzo, jasho linamtiririka.

"Ahaa, unamchelewesha makusudi," Wendell akasema akitikisa kichwa kwa heshima. "Safi sana."

"Simcheleweshi."

"Basi unasoma mazingira."

"Wendell, bwana, miguu haisogei. Sijawahi. Hata mmoja. Zile ripoti zote nilizitunga jikoni kwangu."

Wendell akamkodolea macho. Akatazama mishumaa, akatazama shati lake mwenyewe. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Leland akadhani mwenzake analia, kumbe anacheka.

"Na mimi je?" Wendell akasema. "Yule mhudumu wa ndege niliyemwandika wakati ule? Mie hata ndege sijawahi kupanda. Naogopa!"

"Yule aliyesahau viatu vyake kwako?"

"Huyo huyo!"

"Aisee, mimi nilimpenda sana yule," Leland akasema, na wakacheka mpaka dada wa mishumaa akageuka, naye akacheka pia bila kujua sababu.

Wakaenda mkahawani wakaagiza pankeki, ingawa ni chakula cha asubuhi na saa zake zilishapita. Wendell akasimulia mkewe alivyoondoka, na mbwa akaondoka naye.

"Unajua nani ananigusa siku hizi?" akauliza, akikoroga kahawa asiyoitia sukari. "Kinyozi. Naenda kunyoa hata nywele hazijaota."

Leland hakucheka. Akamweleza habari ya supu na ya kula amesimama, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Walikaa hapo mpaka mhudumu akapangusa meza zote isipokuwa yao. Nje, kwenye maegesho, Wendell akamkumbatia, tena kwa mikono yote miwili.

"Wiki ijayo, pankeki tena?" Leland akauliza.

"Wiki ijayo, kaka. Bila kukosa."

Leland alirudi nyumbani akiimba garini. Alifurahi huyo mtu, alifurahi mpaka akajiogopa.

Jumatatu akafungua jukwaa, akakuta ripoti ndefu ya Radi. Nimemwona Kipanga kwa macho yangu, imeandikwa. Dada wa mishumaa amegeuzwa mwanamitindo, ameongezewa marafiki wawili, na wote watatu wamemgombania Mwalimu hadharani. Pankeki hazimo. Kinyozi hayumo. Mwishoni kuna onyo: Mkikutana naye atawaambia hajawahi kuwa na mwanamke, kwamba yote alitunga. Msidanganyike, ndivyo anavyowapima wanafunzi wake.

Leland akainua simu, akampigia Wendell.

"Kaka, nimelilinda jina lako!" Wendell akasema. "Siku ukiteleza ukasema ukweli, hakuna atakayekuamini."

"Nani alikuomba?"

"Sawa, na langu pia. Sikiliza, mimi sasa ni mwanafunzi wa Kipanga. Wamenialika San Diego nikawafundishe. Hoteli wanalipa wao! Mimi, Wendell wa vigae!"

"Lini?"

"Jumamosi hii."

"Jumamosi hii si tulipanga?"

"Pankeki, Leland. Zile ni pankeki tu, bwana."

Akaahidi kupiga simu akirudi. Hakupiga. Barua zake zikawa fupi, za mbinu tupu, halafu zikakoma. Leland hakuandika tena ripoti. Alijaribu kuandika ukweli jukwaani, mara mbili, akafuta. Jioni alikaa mbele ya kompyuta akiitazama ile sehemu ya barua mpya, na chuki hakuwa nayo hata kidogo. Alikuwa na kiu ya mtu, basi.

Mwezi uliofuata, Jumamosi, mlango ukagongwa. Leland alishuka ngazi mbio nusura aanguke.

Walikuwa wanaume wawili asiowajua. Mmoja, mhasibu wa Pasadena aitwaye Curtis, alivaa kofia nyekundu ya manyoya. Mwingine alikuwa mrefu, mikufu tele shingoni.

"Radi katupa anwani," Curtis akasema. "Tumekuja kujifunza, Mwalimu."

"Mimi si mwalimu wa mtu," Leland akasema. "Sina ninachokijua. Sijawahi kushikwa mkono na mwanamke. Nilitunga yote, yote kabisa."

Wakatazamana wakatabasamu. Yule mrefu akampiga mwenzake kiwiko. "Nilikwambia ataanza na hiyo."

"Naapa kwa mama yangu! Nakaa peke yangu humu. Nilikuwa na rafiki mmoja tu, naye..." Machozi yakamshuka palepale mlangoni, mchana kweupe, na majirani wanachoma nyama.

Curtis akavua kofia. Macho yalimtoka kwa heshima.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hiyo ya machozi, unaifanyaje?"

Leland akafuta uso kwa kiganja. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akasogea pembeni akawapisha wapande ngazi, kwa sababu Jumamosi bado ilikuwa ndefu, na hao angalau walikuwa watu.