Mashoto, Bunduki ya Bibi Nyama

Siku yangu ya kwanza kazini niliinua bunduki kulenga, na uwanja mzima wa shabaha ukaangua kicheko. Nilikuwa nimeiweka bega la kushoto.

“Geuza, binti,” alisema Bwana Nyama wa Mkoa, mzee mrefu mwenye kaptula iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. “Serikali haina bega la kushoto.”

Ninyi vijana mnasema afisa wanyamapori. Sisi tulisema Bwana Nyama, na kuanzia Elerai hadi Ngarenanyuki kila mtu alijua maana yake: mtu wa serikali anayezuia watu wasimalize wanyama, na wanyama wasimalize watu. Mwanamke katika kazi ile alikuwa kioja. Mwanamke wa mkono wa kushoto, ndiyo usiseme.

Niwaeleze shida yenyewe ilikuwa nini, maana siku hizi mnadhani bunduki ni kubonyeza tu. Bunduki zetu za wanyama wakubwa zilikuwa na bolti, yaani komeo la chuma unalovuta nyuma ili litupe nje ganda la risasi uliyokwisha kupiga, kisha unalisukuma mbele liingize nyingine. Komeo hilo hukaa upande wa kulia. Mwenye mkono wa kulia hulivuta huku kitako cha bunduki kimetulia begani. Mimi wa kushoto nilipaswa kupitisha mkono juu ya bunduki, kama mtu anayejikuna sikio la upande wa pili. Hadi nimalize, mbogo ameshafika, amesalimia na chai amekunywa.

Basi nikageuza. Nikajifunza kwa bega la kulia, na aibu niliyoipata Mungu ndiye anaijua. Nikilenga kopo, napiga kilima. Wenzangu wakawa wananiuliza kilima kimewakosea nini wazazi wangu. Bwana Nyama wa Mkoa akaniita pembeni, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kugombezwa, “Mafunzo yakiisha hujapiga shabaha, nitakupeleka ofisini ukapige chapa. Huko hata ukikosea hakuna anayekufa.” Nililia siku ile. Nilikuwa nimetoka kijijini Poli kwa baba yangu nikijigamba kwamba nakwenda kuwa askari wa porini, nirudi vipi na mashine ya chapa?

Aliyeniokoa ni Fundi Jaswant. Huyu alikuwa Singasinga mwenye karakana mjini Arusha, na idara ilimwita mara kwa mara kukagua silaha. Alikaa kwenye kreti akinitazama ninavyohangaika, kisha akaja.

“Dada, unakula kwa mkono gani?”

“Wa kulia. Nilichapwa mpaka nikaujua.”

“Na mbwa akikujia, jiwe unarusha kwa mkono gani?”

“Wa kushoto.”

“Basi!” akasema, akageuka kwenda ghalani.

Hilo ghala nalo lilikuwa na mambo. Mtunza ghala wetu alikuwa Mzee Kaaya, Mmeru mwenzangu, mtu aliyeongea na bunduki kuliko na watu. Humo mlikuwa na magobori waliyonyang'anywa majangili, zile bunduki za kushindilia baruti kwa mdomoni, mengine mtutu wake ni bomba la maji la kawaida kabisa. Mlikuwa na bunduki ya mitutu miwili, chuma chake kimenakshiwa ndege na maua mpaka unaona haya kuipeleka porini. Na nyuma kabisa, ukutani, ilining'inia moja ambayo hakuna aliyeitaka. Iliachwa na mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Usa River, aliyeagiza atengenezewe makusudi kwa mkono wake. Bolti yake ilikuwa kushoto.

Fundi Jaswant aliipangusa vumbi kwa kilemba cha zamani, akanikabidhi. Niliiweka bega la kushoto, mkono ukaenda kwenye bolti bila kuuliza njia, nikavuta, nikasukuma. Jamani! Mtu aliyevaa viatu vya kuazima maisha yake yote, siku moja akapewa vya kwake, ndiye atakayenielewa. Nilipiga kopo la kwanza, nikapiga la pili, na Bwana Nyama wa Mkoa akavua kofia.

“Kumbe serikali ina bega la kushoto,” alisema. “Lilikuwa limetundikwa ghalani.”

Fundi alikipunguza kitako kwa sababu mimi ni mfupi, akapachika kipande cha tairi la pikipiki mwishoni ili teke lisinivunje, maana bunduki ile ilikuwa inapiga teke la punda. Mzee Kaaya akaibatiza jina: Mashoto. Tangu hapo kwangu haikuwa kitu, alikuwa mtu, na nitamtaja hivyo, anayetaka kucheka acheke.

Tulipelekwa kwanza Usa River, halafu Monduli. Kule Monduli Mkuu wa Kituo alikuwa mwanajeshi wa zamani ambaye hakuamini kwamba kuna silaha asiyoiweza. Siku moja alimwazima Mashoto, akamweka bega la kulia, akapiga, akavuta bolti. Ganda la moto likamrukia puani, kwa sababu Mashoto hutupia maganda kushoto. Alinirudishia huku ameshika pua.

“Mama,” alisema, “hii bunduki ina wivu.”

“Haina wivu, mkuu. Inamjua mwenyewe.”

Kazi yetu kubwa haikuwa kuua. Wengi hawajui hilo. Bwana Nyama mzuri alihesabiwa kwa wanyama aliowarudisha porini wakiwa wazima. Tembo wakiingia mahindini unatafuta upepo, unakaa mahali wakunuse, unapiga risasi hewani, wanaondoka wakinung'unika. Kuua ni pale ambapo mnyama amekwishajeruhi mtu au amejeruhiwa yeye, hana tena namna. Katika hali hiyo sikuwahi kumwacha mnyama ateseke. Nasema kwa kujisifu, na ninastahili. Watu wakaacha kuniita askari, wakaniita Bibi Nyama, na mimi nikaitika kwa kifua mbele.

Shida ilikuja polepole. Mashoto alikula risasi nene za aina yake peke yake, na viwanda vikaacha kuzitengeneza. Kila nilipokwenda ghalani kuchukua nyingine, Mzee Kaaya alikuwa anatoa chache zaidi, anazihesabu na uso umemkunjamana. Nilipohamishiwa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, upande ule mbogo wanaoshuka kutoka msituni kuingia kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu, alinipa ya mwisho. Moja.

“Sikiliza, mwanangu,” aliniambia. “Wakaguzi wakija wanauliza swali moja: ina risasi? Ikiwa nayo hata moja, inahesabika silaha nzima, inabaki. Ikiwa haina, ni chuma chakavu, inakatwa. Hiyo moja usiipige.”

“Na mbogo akinijia?”

“Panda mti.”

Tulicheka, lakini nilimwelewa. Nikaanza kutembea na uhai wa Mashoto kwenye mfuko wa shati, umefungwa kifungo. Kwa miaka yangu ya mwisho mwenye bunduki ya kazi alikuwa mwenzangu Loserian, kijana wa Kimaasai mwenye macho ya kuona mbogo kilima cha pili. Mimi nilibeba Mashoto mtupu, nikazungumza na wakulima, nikakagua uzio. Mkuu wa Kituo wa Ngarenanyuki alinishauri nichukue bunduki nyingine. Nilimwambia nimebakiza muda mdogo, aniache na mzee mwenzangu. Wakaguzi walipokuja nilifungua kifungo, nikaonyesha ile moja, wakaandika, wakaenda. Wakija tena, vivyo hivyo. Nilijiona mjanja sana. Nilikuwa nimepanga kumrudisha ghalani siku ya kustaafu akiwa mzima, atundikwe pale pale, siku moja aje mtu mwingine wa mkono wake.

Asubuhi moja tulipigiwa simu kwamba mbogo amelala kwenye nyanya. Tulipofika tukakuta wawili. Mmoja alikimbilia korongoni, na Loserian akamfuata kuhakikisha anarudi msituni. Wa pili hatukumwona. Alikuwa amejibanza kwenye vichaka kando ya mfereji, na waya wa mtego wa majangili umemla mguu hadi mfupani. Mbogo wa namna hiyo haogopi mtu. Ana hasira na dunia yote.

Mama Anaeli, mwenye shamba, alikuwa anafungulia maji. Alikuwa ameinama, jembe mkononi, khanga kiunoni, ananipigia kelele kwamba serikali itamlipa nyanya zake. Mbogo akatoka nyuma yake.

Nimeulizwa mara nyingi niliwaza nini. Watu wanataka kusikia kwamba nilipima, huku Mashoto, huku mtu. Sikupima chochote. Kifungo cha shati kilikatika, hadi leo sijakiona. Mkono wa kushoto uliingiza risasi, bolti ikafunga, nikapaza sauti, “Lala chini!” Mama Anaeli akajitupa mferejini, na mbogo akawa mbele yangu wazi, kichwa amekiinamisha. Nilipiga. Mashoto alinipiga teke lake lile lile. Mbogo akapiga magoti, akaanguka ukingoni mwa mfereji, maji yakaanza kumzunguka.

Mama Anaeli aliinuka akiwa matope matupu. “Yesu wangu,” akasema. Akamtazama mbogo, akanitazama mimi, akatazama mnyama alikoangukia. “Na miche yote hii imelaliwa!”

Nilicheka, kisha nikakaa chini nikalia. Loserian alikuja akitweta, akadhani nimeumia. Nikamwonyesha ganda tupu. Kijana yule akakaa kando yangu mpaka nilipomaliza.

Wakaguzi walikuja kabla sijastaafu, nikawa sina risasi ya kuwaonyesha, wakaandika chuma chakavu. Afisa wa Wilaya wakati huo alikuwa binti mdogo, msomi, mwenye adabu zake. Aliniita ofisini. “Shikamoo, Bibi. Nimeuliza risasi hizo mpaka Dar es Salaam, nimeuliza hata kwa wenye vitalu vya uwindaji. Hakuna. Nimeomba wamhifadhi, wamekataa. Sheria ni ya silaha zote.” Niliona macho yake yamelowa, nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

Mzee Kaaya alikuwa ameshafariki. Lakini Fundi Jaswant alikuwepo, mzee wa fimbo sasa, na alipopata habari alikuja mwenyewe na msumeno wake wa chuma.

“Kuna vijana wenye mashine, Fundi,” nilimwambia.

“Mashine inatafuna. Huyu atakatwa vizuri.”

Alikata mtutu taratibu, akipumzika, akikataa kusaidiwa. Mimi nilishika upande wa pili ili usicheze. Alipomaliza alipangusa msumeno, akaniuliza, “Risasi ya mwisho ilikwenda wapi?” Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, “Safi,” kisha akaomba chai.

Siku ya kuniaga kulikuwa na viti, soda na hotuba. Afisa wa Wilaya alinisifu mpaka nikajiona mrefu. Halafu akasema kwa huzuni kwamba ni bahati mbaya bunduki ya Bibi Nyama tumeipoteza, kwamba ingefaa kuhifadhiwa watu waione. Hapo Mama Anaeli, ambaye hakuwa kwenye ratiba wala hakualikwa kusema, akasimama.

“Nani amesema imepotea?” aliuliza. “Mlikuwa na risasi moja. Mngeitunza, leo mngekuwa na bunduki ukutani na mimi niko kaburini. Risasi yenu ndiyo mimi. Mnataka kuniona? Niangalieni!” Akajizungusha pale pale mbele ya wakubwa, khanga inapepea, watu wakapiga makofi na vigelegele. Kama kuna medali duniani inayozidi ile, sijaisikia.

Sasa niko nyumbani, nafuga ng'ombe wawili na nazozana na kuku. Wastaafu wenzangu wana vitu vyao sebuleni. Yupo mwenye mkanda wake wa risasi, yupo mwenye picha yuko na simba. Wakinitembelea wanatazama ukuta wangu mtupu, wananiuliza kumbukumbu ya Mashoto iko wapi. Nawaambia njooni Jumamosi sokoni Tengeru, kwenye matenga ya nyanya. Mtamkuta mama mnene anayegombana na wateja, hapunguzi bei hata ukimlilia. Mwulizeni nani alimwokoa na mbogo. Atataja jina la bunduki kwanza, langu baadaye, na kwa hilo sina kinyongo hata chembe.